Ishirini

Chomoa fishi kumi, zile karatasi za vipimo vya wagonjwa, kutoka kabati la wodi yoyote niliyowahi kufanyia kazi hapa Bukavu. Usichague, chomoa tu. Utakuta wagonjwa wote wanapumua mara 20 kwa dakika. Mzee wa miaka sabini mwenye moyo uliochoka, 20. Kijana aliyevunjika paja kwa moto-taksi pale Nyawera, 20. Mama aliyepasuliwa jana, 20. Asubuhi 20, mchana 20, saa nane za usiku 20. Ukiziamini fishi zetu utasema mji mzima, kutoka Bagira mpaka Panzi, unapumua kwa pamoja kama kwaya ya Jumapili.

Kila muuguzi anajua kwa nini. Hiyo nambari hatuihesabu. Mapigo unayashika mkononi, shinikizo la damu lina mashine yake, joto lina kijiti chake kinacholia pii. Pumzi haina chochote, inataka usimame dakika nzima ukimtazama mtu kifua. Mkiwa wawili kwa wagonjwa 31, hiyo ni zaidi ya nusu saa ya kusimama tu, na katika hiyo nusu saa kuna serumu tatu za mshipani zinaisha, kuna mtu anatapika, kuna ndugu wa mgonjwa mlangoni na karatasi ya dawa anauliza hii inauzwa wapi. Basi kalamu inaandika 20 yenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba mtu mzima hupumua kati ya 12 na 20, na ukichukua ukingo wa juu inaonekana kama umehesabu kweli.

Nimeiandika mara nyingi mno. Leo nataka kusema juu ya moja.

Mimi ni muuguzi wa A1, yaani niliyesomea chuo, mwaka wa kumi na saba sasa. Mjini kwetu kila mwenye blusi nyeupe ni munganga, yaani daktari, kwa hiyo jina langu kazini ni mama munganga, na nimeacha kuwasahihisha watu. Sasa niko reanimasio, yaani kwa wagonjwa mahututi. Wakati wa habari hii nilikuwa bado wodi ya upasuaji. Hospitali siitaji, na mgonjwa simtaji.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu, huko Kadutu. Taifodi ilikuwa imemtoboa utumbo. Alikawia kuja, kama wanavyokawia wengi, kwanza kwa dawa za majani, halafu duka la dawa, halafu kutafuta pesa ya kuingilia hospitali. Alipofunguliwa tumbo lilikuwa na usaha. Likaoshwa, akashonwa, akarudi wodini. Siku ya kwanza aliomba uji. Siku ya tatu alikuwa anatuchekesha. Siku ya tano niliingia zamu ya usiku.

Mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba ukitaka kumwambia mtu neno unamwinamia. Saa nne nilifika kitandani kwake. Saturometa ya wodi, ile ya kupima oksijeni kidoleni, haikuwepo, walikuwa wameiazima upande wa uzazi. Nikapima nilivyoweza: joto 35.8, mapigo 112, shinikizo la damu 100 kwa 60. Nikafurahi kwamba hana homa. Akaniambia, "Mama munganga, nachoka kupumua."

Nikamwambia alale, ni dawa zinamchosha. Nikaandika: kupumua 20.

Neno lake ninalikumbuka neno kwa neno. Mtu ananiambia kwa mdomo wake kwamba kupumua kumekuwa kazi ya kuchosha, kama kupanda na beseni la samaki kichwani, na mimi mkono wangu uko kwenye karatasi unaandika nambari ya mtu aliyelala vizuri.

Saa nane nikarudi. Mapigo 124. Nilipomgusa akafungua macho akaniuliza kama mtumbwi wa Idjwi, kile kisiwa cha ziwani kwetu, umefika. Nikacheka. Nikadhani anaota, mtu wa sambaza ataota nini kingine? Kupumua 20.

Saa kumi na dakika arobaini binti yake akaja mbio. Alikuwa analala chini ya kitanda cha mama yake, juu ya kitenge. Akasema, "Mama munganga, mama ameacha kukoroma."

Kumbe hakuwa anakoroma, alikuwa anapigania pumzi.

Sitaeleza sana dakika zilizofuata, aliyewahi kuzifanya anazijua na asiyewahi kuzifanya atadhani natia chumvi. Tulisukuma chini ya mgongo wake ubao ambao kwa kawaida tunaegeshea mlango, kwa sababu juu ya godoro la sponji unabonyeza godoro, si moyo. Nikapanda na magoti. Mikono katikati ya kifua, kina cha sentimita tano mpaka sita, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kiachiwe kiinuke chote kabla hujabonyeza tena. Mwenzangu na ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa. Kila dakika mbili tunabadilishana, si kwa heshima bali kwa sababu baada ya dakika mbili mikono inaanza kudanganya: unadhani unabonyeza kama mwanzo, kumbe umefika nusu. Adrenalini, tena adrenalini. Njia hii ya kubonyeza kifua bila kukifungua ilichapishwa mwaka 1960 na Kouwenhoven na wenzake wawili wa Baltimore, Marekani. Kabla ya hapo daktari alikuwa anapasua kifua na kuushika moyo wenyewe. Mikono miwili tu, na ndiyo tuliyokuwa nayo.

Dakika ya kumi na nne nikahisi kitu shingoni. Ukiwa umechoka hivyo vidole vyako vyenyewe vinapiga, unasikia mapigo yako ukadhani ni ya mgonjwa. Nikamwomba mwenzangu aweke mkono kwenye kinena. Akasema, "Iko."

Kuna kifaa ambacho kingenipunguzia ubishi huo. Kinapima kaboni dayoksaidi katika pumzi inayotoka. Moyo ukisimama damu haifiki mapafuni, na hewa hiyo hushuka karibu na sifuri. Ukibonyeza vizuri hupanda kidogo, ukichoka hushuka, na moyo ukirudi huruka juu ghafla hata kabla kidole chako hakijasadiki. Mwaka 1997 watu wa Marekani walifuatilia wagonjwa 150 waliosimama moyo nje ya hospitali. Wote ambao baada ya dakika ishirini za kubonyezwa walikuwa na milimita 10 za zebaki za hewa hiyo au chini ya hapo walikufa. Ninaipenda habari hiyo kwa sababu inakupa ruhusa ya kuacha, na kuacha ndiyo sehemu ngumu. Kifaa chetu kimoja kilikuwa chumba cha upasuaji, na chumba cha upasuaji usiku kina kufuli. Wodini tulikuwa tunaacha pale mikono inapokataa au mkubwa anaposema basi. Usiku ule tulibahatika, sijui kama bahati ndilo neno.

Akapandishwa reanimasio. Nikabadilisha blusi, nikamalizia zamu, nikapanda moto-taksi hadi nyumbani. Nilikula sombe ya baridi nimesimama jikoni.

Siku ya pili nilipita kumwona kabla ya kuingia zamu. Hajaamka. Siku ya tatu, hivyohivyo. Binti alikuwa nje ya mlango kila nilipopita, na swali lake lilikuwa lilelile, "Mama munganga, ataamuka?"

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu swali hilo sasa ndilo kazi yangu ya kila siku na naona wengi tunalijibu vibaya. Kuna wanaojibu "Mungu anaweza", na ni kweli, lakini ndugu wa mgonjwa alikuja na imani yake kutoka nyumbani. Kuna wanaojibu siku ya kwanza kabisa kwamba ubongo umeshakufa, msitie pesa zaidi. Hawa wananitisha kuliko wale wa kwanza. Ukisema ameshakufa, oksijeni inapungua, dawa hazinunuliwi, hakuna anayemgeuza, na baada ya siku mbili anakufa kweli. Halafu unajisifu kwamba ulijua.

Ubongo ulioachwa bila damu kwa dakika kadhaa haukupi jibu haraka. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unasema usitabiri vibaya kabla ya saa 72 tangu moyo urudi, na hata hapo usishike dalili moja. Mgonjwa ambaye bado yuko katika koma unamwangalia macho kwa taa: je, mboni zote mbili zinabana? Unagusa jicho kwa ncha ya pamba: je, kope inashtuka? Kuna kipimo cha neva kwa umeme mkononi, kuna picha ya ubongo ya skana, kuna mawimbi ya ubongo, kuna kipimo cha damu. Zinatakiwa angalau dalili mbili zinazokubaliana. Sisi tuna taa na pamba. Hata hizo zinadanganywa na dawa: ukimpa midazolamu mtu ambaye figo zake zimelala, hiyo dawa itakaa mwilini siku nyingi kuliko ulivyoiandikia, na wewe utasema hajibu, kumbe umemlaza mwenyewe. Kwa hiyo mahali pa kwanza ninapoangalia siku ya tatu si machoni mwa mgonjwa, ni kwenye karatasi ya dawa: nini cha mwisho, saa ngapi, na mkojo je?

Cha kufanya wakati unasubiri si kingi, lakini kipo. Zamani kidogo ilikuwa lazima kumpoza mgonjwa hadi nyuzi 33 hivi, kwa majaribio mawili ya mwaka 2002. Hospitali zisizo na mashine za kupoza zilijiona ziko nyuma ya dunia. Jaribio kubwa la 2021 likaonyesha kwamba kumpoza hivyo hakumsaidii zaidi ya kumzuia asipate homa. Kuzuia homa tunaweza. Parasetamoli, nguo mbichi, dirisha wazi. Bukavu kwa baridi haijatunyima.

Kwa binti yule sikuwa na maneno haya. Nilimwambia "tusubiri", na akaona kwamba simtazami usoni.

Alikufa siku ya nne, mchana, moyo ukasimama tena na safari hii haukurudi.

Wiki iliyofuata daktari mkuu wa wodi akatuita ofisini, sote wa zamu zile. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alikuwa amelaza fishi tano mezani, siku baada ya siku, akazipanga ncha kwa ncha kama mtu anayeunganisha ramani. Halafu akaweka rula juu ya mstari wa kupumua. 20, 20, 20, 20, mara kumi na tano. Miandiko minne tofauti. Mwandiko wangu niliujua, sifuri yangu huwa haifungi juu.

Akashusha rula mpaka mstari wa mapigo. 84. 88. 92. 98. 104. 112. 124.

Hakusema kitu. Mwenzangu mmoja akaanza kueleza habari ya wagonjwa 31, na alichosema kilikuwa kweli tupu, mpaka leo nasema kilikuwa kweli. Daktari akaitikia kwa kichwa. Rula ilibaki palepale.

Nilichokuja kusoma baadaye, kwenye simu, usiku, wakati umeme uliporudi, ni kwamba jambo hilo limeandikwa zamani sana. Mwaka 1990 kuna Wamarekani waliochukua wagonjwa 64 waliosimama moyo ndani ya hospitali, wakarudi nyuma kusoma fishi zao. Katika 54, dalili za kuharibika zilikuwa zimeshaandikwa ndani ya saa nane kabla. Zimeandikwa! Mtu aliziona, akaziandika, akaenda kitanda kinachofuata. Mwaka 1993 wengine wakaonyesha kwamba kupumua zaidi ya mara 27 kwa dakika ni alama ya moyo utakaosimama ndani ya siku tatu. Hakuna mashine hapo. Ni saa ya mkononi.

Na sababu yake si uchawi. Tumbo lenye usaha linautengenezea mwili asidi. Mwili una milango miwili ya kuitolea: figo, ambazo zinataka masaa na siku, na mapafu, ambayo yanaitoa papohapo kama kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo pumzi ndiyo inayoitikia kwanza. Kisha moyo unaongeza mwendo. Mishipa ya mikono na miguu inajibana ili damu ibaki kwa wakubwa wa ndani, ndiyo maana ngozi inapoa na kipimo cha kwapani kinakwambia hakuna homa. Shinikizo la damu, ambalo ndilo sisi sote tunalipima kwa heshima, linashikiliwa na hawa wengine mpaka wanapochoka. Likianguka, ujue umeshachelewa. Mama yule alikuwa na 100 kwa 60 saa nne za usiku na mimi nikaona ni nzuri.

Mwaka 2017 zilitoka alama za kupimia hatari ya kufa, zilizotengenezwa kwa ajili ya hospitali kama zetu, kwa wagonjwa 5573 wa Gabon, Malawi, Sierra Leone, Tanzania, Uganda na Zambia. Kongo haimo, lakini majirani wamo. Zinaitwa UVA, kifupi cha Kiingereza cha Universal Vital Assessment. Vitu saba tu: joto chini ya 36 ni pointi 2, mapigo 120 na zaidi ni 1, kupumua 30 na zaidi ni 1, shinikizo la juu chini ya 90 ni 1, saturasio, yaani oksijeni ya damu, chini ya asilimia 92 ni 2, kuwa na VVU ni 2, na akili isiyo timamu kabisa kwa kipimo cha Glasgow, yaani chini ya 15, ni 4. Ukipita 4, uko katika kundi la hatari kubwa.

Nilipoisoma nilichukua kalamu nikamhesabia mama wa sambaza ya saa nane usiku. Joto la saa nne, 2. Mapigo 124, 1. Mtumbwi wa Idjwi, 4.

Saba. Bila saturasio na bila pumzi.

Nilikaa na ile 4 muda mrefu. Pumzi yenyewe ina pointi moja tu, na angeweza kuja mtu akaniambia basi hata ungehesabu isingebadilisha hesabu. Hapo anakosea kuhusu jinsi zamu inavyokwenda. Ile 20 haikukosekana tu, ilikuwa inafanya kazi. Daktari wa asubuhi aliiona akatulia. Muuguzi wa mchana aliiona akanakili. Mimi mwenyewe niliiona, yangu ya saa nne, ikanisaidia kucheka saa nane. Ningeacha nafasi wazi, mtu angeuliza kwa nini iko wazi.

Sasa ninahesabu. Namna yangu ni hii: nashika kifundo cha mkono wa mgonjwa kama napima mapigo, nauweka mkono wake juu ya tumbo lake, natazama saa. Ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake anabadilisha kupumua hapohapo, hakuna anayejua kupumua akitazamwa. Dakika nzima, si sekunde kumi na tano mara nne, kwa sababu mtu mgonjwa hapumui kwa mpangilio, anaweza kunyamaza sekunde nane halafu akalipa deni lote kwa mkupuo. Wanafunzi wa mafunzo kazini wananiita mama dakika. Si kwa sifa, najua.

Saturometa nayo naipenda kwa akili. Kimashine kile kinachobana kidole, kilichotokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya sabini, kimeokoa watu wengi. Lakini watafiti wa Marekani waliandika mwaka 2020 kwamba kinapoonyesha kati ya 92 na 96, wagonjwa weusi karibu 12 katika kila 100 walikuwa kwa kweli chini ya 88 damu yao ilipopimwa. Kwa weupe ilikuwa karibu 4 kwa 100. Taa inapita katika ngozi, na ngozi yetu inaila taa hiyo. Mwenzangu mmoja aliposikia alikasirika kama vile mimi ndiye niliyetengeneza mashine. Ongeza hina, ongeza rangi ya kucha, ongeza kidole cha baridi, ongeza kwamba Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa yetu si nzito kama ya pwani. Kwa hiyo kidole kikiniambia 93 mimi sishangilii. Ninaangalia kama shingo inavutwa ndani akipumua, kama pua zinapanuka, kama anamaliza sentensi bila kuikata. Mtu anayekuambia "nataka" halafu anavuta hewa halafu "maji", huyo hahitaji mashine kukueleza.

Na kidole hichohicho kina kazi nyingine. Kibonyeze kwenye nyama ya ncha mpaka damu ihame, hesabu mpaka kumi, achia, hesabu damu inarudi baada ya sekunde ngapi. Zikipita tatu, mzunguko una shida. Jaribio la Amerika Kusini la 2019, wagonjwa 424 wenye mshtuko wa maambukizi, lililinganisha kuwatibu kwa kufuata kidole hicho na kuwatibu kwa kufuata kipimo cha laktati cha maabara. Waliofuatwa kwa kidole hawakufanya vibaya zaidi, walielekea hata kufanya vizuri kuliko wenzao. Laktati hapa unaipata siku kitendanishi kipo. Kidole kipo kila siku.

Wanafunzi huniuliza kama naweza kujua nani atakufa. Wanadhani miaka kumi na saba inampa mtu jicho. Ninawaonyesha fishi na ninawaambia watazame mwelekeo: nambari ya saa hii peke yake ni bubu, itazame pamoja na ya jana na ya juzi. Mapigo 104 si kitu. Mapigo 104 ambayo jana yalikuwa 98 na juzi 92 ni mtu anayepanda kilima akiwa amelala. Ndugu wa mgonjwa akiniuliza "ataamuka?", siku hizi namjibu hivi: "Kila siku saa mbili ya asubuhi njoo, nitakuambia nilichokiona usiku. Kitakachokuja sitakuambia mpaka siku ya tatu ipite." Wengine wanakasirika. Wengi wanakuja saa mbili kamili.

Binti yake ndiye anayeuza sambaza sasa, mahali palepale, beseni lilelile la bluu lenye kiraka. Nilikaa mwaka mzima nikinunua samaki kwingine. Halafu siku moja aliniona yeye kwanza, akaniita kwa sauti, "Mama munganga!", na sikuweza kugeuka nikakimbia sokoni kama mwizi. Tangu hapo nanunua kwake. Ananipimia kipimo kilichojaa na ananiwekea nyongeza juu, na kila nyongeza inanichoma. Sijamwambia habari ya zile fishi. Akisoma hapa siku moja, atanijua kwa mtumbwi wa Idjwi.

Jumamosi iliyopita alikuwa na mtoto wake mgongoni, wa miaka miwili, anakohoa. Akaniambia, "Mama munganga, uniangalilie huyu, tangu juzi anahema." Akamfungua kwenye kitenge akamlaza mapajani pale nyuma ya beseni. Nikapiga magoti kwenye tope. Kwa mtoto wa umri huo mpaka wa hatari ni 40. Nikapandisha fulana, nikaweka simu chini nione sekunde. Kulikuwa na mtu wa kuuza kadi za simu anapiga filimbi, kulikuwa na muziki, kulikuwa na wanawake wawili wanagombania nafasi, na tumbo dogo lile lilikuwa linapanda na kushuka, na mama yake ananyamaza anatazama midomo yangu.

Thelathini na nne.

Mtoto alikuwa amelia kidogo katikati, ikaniharibia. Nikasubiri atulie, nikaanza tena moja.